Zulia jipya miezi minane limelala kama ndia ya punda, la mama la 1999 bado lasimama. Kwani nailoni si nailoni?

#1 UmmuSalma_Mkomani
A.alaykum wadau. Hili swali lanikosesha raha na mume wangu ashaanza kunicheka, kwa hivyo nalileta hapa. Mwezi wa pili nilinunua zulia la sebuleni, futi saba kwa kumi, rangi ya damu ya mzee, lile la nyuzi zilizokatwa juu, si la vitanzi. Dukani lilikuwa lang'aa, ukitia mkono laini kama mgongo wa paka. Muuzaji akaniapia ni nailoni, halichakai. Sasa ni mwezi wa kumi tu, na kutoka mlangoni hadi kwenye kochi pamelala, pana kijia cheusi utadhani punda wapita na mizigo. Nimelifua mara mbili nikalianika darini siku nzima, likikauka kijia ni kile kile. Kinachoniuma, mamangu ana zulia aliloletewa na mjomba kutoka Maskati 1999, rangi hii hii, na hilo pia si sufu, ni plastiki plastiki. Limepita harusi tatu na matanga na watoto wa ukoo mzima, na bado ukilikanyaga lainuka. Mbona?

#2 ShellaYaMalindi
Wa.salaam. Hahaha ndia ya punda. Zulia la mama lina nasaba, lako limeokotwa. Pole dadangu.

#3 fundi_mazulia
Mimi naosha mazulia hapa Malindi mwaka wa kumi na moja huu. Kwanza nani kakwambia ni nailoni? Dukani kila kitu cha plastiki huitwa nailoni, kuanzia mfuko wa sukari. Mazulia ya mashine mengi ninayoletewa ni polipropilini, wengine huiita pipi. Ni rahisi, haishiki madoa ya maji, lakini ikikanyagwa inalala na haina haja ya kuamka. Nailoni ikikanyagwa inalala halafu inainuka. La mama ni nailoni, lako ni pipi, kwisha maneno.

#4 DukaLaPazia
@fundi usituharibie biashara. Mimi nauza mazulia na hayo ya polipropilini yapo watu wameyatandika miaka na hawalalamiki. Si kila zulia rahisi ni baya.

#5 mwl_kemia
Fundi yuko sawa lakini hajamaliza maneno. Hata ukichukua nailoni mbili, kutoka tangi moja, moja yaweza kuonekana chafu kwa wiki na nyengine isionekane mwaka mzima, na tofauti ni umbo la unyuzi tu. Ukiukata unyuzi kama unavyokata ndizi ukautazama kichwani kwa hadubini, kuna zenye duara, kuna zenye mabawa matatu, kuna za mraba zenye matundu manne ndani kama bloku ya kujengea. Hiyo haitokei kwa bahati, huamuliwa kiwandani. Plastiki huyeyushwa ikasukumwa kwenye kisahani cha chuma chenye vitundu, na kitundu kikiwa na umbo gani unyuzi unatoka na umbo hilo, karibu. Mnaijua ile mashine ya kukamulia tambi za kukaanga, ina visahani vya kubadilisha, kimoja matundu ya duara chengine ya nyota? Basi ni hivyo hivyo.

#6 ShellaYaMalindi
Mwalimu nimekuelewa mpaka kwenye tambi, baada ya hapo nikasikia njaa.

#7 mwl_kemia
Basi chukua bamia, ila yenye pembe tatu. Hiyo ndiyo nyuzi ya mabawa matatu.

#8 UmmuSalma_Mkomani
Sasa bamia na uchafu vinahusiana vipi maalim? Uchafu ni uchafu.

#9 mwl_kemia
Jaza maji gilasi ya duara, weka gazeti nyuma yake. Herufi zinakuwa kubwa, sindio? Unyuzi wa duara na ulio wazi hufanya hivyo hivyo, chembe ya vumbi iliyo upande wa nyuma unaiona imevimba. Zulia la nyuzi duara zisizotiwa dawa ya kuzimisha mng'ao linatangaza kila chembe. Ile ya mabawa matatu mwanga ukiingia unapigwa huku na kule na kingo, macho hayaoni chembe iko wapi. Uchafu upo ule ule, kilo kwa kilo, lakini hauonekani. Zenye matundu ndani ndio kabisa, mwanga unagonga kuta za matundu unatawanyika.

#10 fundi_mazulia
Hapo nakubali nusu. Mimi ndiye ninayetoa huo uchafu. Hayo mabawa yakiwa na mabonde ya kina sana, mtanga na mafuta vinakaa mle bondeni na brashi haifiki. Linaonekana safi, ukilitia maji yatoka kama chai ya rangi.

#11 ShellaYaMalindi
"mtanga" 😂 fundi wasema wewe ni wa Malindi kumbe wa Amu, Lamu huko. Tumekushika.

#12 fundi_mazulia
Mama ni wa Faza, kwani iko haja gani. Mchanga basi, haya.

#13 KaptenJahazi
Nimesoma kimya sasa niingie. Mimi sina zulia nina kamba, lakini hizi nyuzi mnazozitaja nazijua kwa mikono. Kamba ya polipropilini yaelea, ndio wavuvi waipenda kwa maboya. Ya nailoni yazama, na yavutika, ukifunga nanga siku ya kusi inalegea halafu inakurudisha pole pole, haikati ghafla. Sasa iache ile ya polipropilini juani sitahani mwaka mmoja isipokuwa imetiwa dawa ya jua, ukiipangusa kiganjani inatoka unga na vijinywele vinachoma kama upupu. Dada umesema umelianika darini siku nzima mara mbili? Na jua la Lamu? Hapo ndipo lilipouawa.

#14 mtoto_wa_gede
Kapteni siku mbili haziui zulia wacha kutisha watu. Na kijia chake kiko mlangoni hadi kwenye kochi tu, jua lingelipiga lote.

#15 KaptenJahazi
Na dirisha je? Hajasema dirisha liko wapi.

#16 UmmuSalma_Mkomani
Dirisha latazama kiwandani, yaani uani, jua laingia saa tatu mpaka saa tano asubuhi, lakini lapiga upande wa kabati, si kwenye kijia. Pale kwenye kabati rangi iko vile vile. Kwa hivyo kapteni samahani.

#17 BabuMkeka
Watu wa Amu mnanunua plastiki kutoka ng'ambo na Kipungani wanawake wasuka mikeka ya miyaa mpaka vidole vyaota sugu. Mkeka hauna umbo la bamia. Ukichoka unageuza upande.

#18 ShellaYaMalindi
Babu mkeka ukikaa sana wakuchora makalio unainuka na ramani.

#19 DukaLaPazia
Niseme ukweli mmoja na msinirukie. Mteja akiingia anafanya nini? Anatia mkono. Akisema "aah laini" ameshanunua. Lile gumu gumu analipita hata haulizi bei. Na ulaini unatoka wapi? Nyuzi nyembamba. Zulia gumu la ofisi nyuzi zake nene, halipendezi mkono lakini lasimama. Sisi twaleta mnachokipenda.

#20 mwl_kemia
@DukaLaPazia umegusa penyewe. Unene hupimwa kwa denia, yaani uzito wa gramu wa unyuzi wa mita 9,000. Nyuzi za nguo kwa kawaida ni denia 1 mpaka 3 hivi, za zulia la kukanyagwa ni 15, 20. Na ugumu hauendi sambamba na unene, unaruka. Unyuzi wa duara ukiuongeza upana mara mbili, kuupinda kunakuwa kugumu mara 16. Ndio maana tofauti ndogo usiyoiona kwa macho miguu inaijua. Hayo mazulia ya siku hizi laini kama paka nyuzi zake zimeshuka mno. Uzuri wa dukani na uzuri wa mwaka wa tano ni vitu viwili vinavyovutana.

#21 dada_wa_Maweni
Mimi langu la manyoya marefu lilianza kutoa pamba tangu siku ya kwanza, nafagia nafagia kila siku natoa ngumi nzima. Nalo ni bamia?

#22 fundi_mazulia
Hapana dada, hilo nyuzi zake ni vipande vifupi vilivyosokotwa pamoja kama uzi wa pamba. Vipande visivyoshikwa vizuri vinatoka. Miezi kadhaa itapungua. Lingekuwa la nyuzi ndefu zisizokatika, zile zinazotoka kiwandani kilomita kwa kilomita na kukunjwakunjwa kwa moto zijae, lisingetoa. Usivute ile inayochomoza, kata kwa mkasi.

#23 mtoto_wa_gede
Kwa habari yenu hiyo nailoni ni uvumbuzi wa Wajerumani 1938, nimesoma.

#24 JuaKali_Barani
Wajerumani wapi, nailoni ni ya Marekani, Wallace Carothers, kampuni ya DuPont, 1935.

#25 mwl_kemia
Mmeshika masikio mawili ya punda mmoja. Carothers alitengeneza nailoni 6,6 mwaka 1935. Paul Schlack kule Ujerumani akatengeneza nailoni 6 mwaka 1938 kwa njia nyengine. Zote mbili zipo kwenye mazulia mpaka leo. 6,6 huyeyuka kwenye nyuzijoto 260 hivi, 6 kwenye 220 hivi. Polyesta ni ya Waingereza, Whinfield na Dickson, 1941. Na polipropilini ya kusimama imara, hiyo watu wa Malindi kaeni mkao, ni ya Mtaliano, Giulio Natta, Milano, 1954, akapata Nobel 1963 pamoja na Karl Ziegler.

#26 ShellaYaMalindi
NILIJUA! Mtaliano! Malindi yetu Wataliano tele, dada wa Lamu zulia lako ni jirani yangu hilo, halilali bure, liko likizo.

#27 mhudumu_msikitini
A.alaykum. Nimepita tu lakini niulize fundi. Msikiti wetu (mdogo, uko Langoni, sitaji) una zulia la mistari la Uturuki, lilikuja na karatasi imeandikwa polipropilini asilimia mia. Mwaka wa saba huu. Swala tano kila siku, Ijumaa watu mpaka nje. Halijalala. Sasa kama pipi ikilala haiamki, mwatwambiaje?

#28 fundi_mazulia
Msikitini watu hawaingii na viatu.

#29 UmmuSalma_Mkomani
Na kwangu je, waingia na viatu? Lamu hii? Viatu hubaki dakani hata mgeni wa serikali.

#30 fundi_mazulia
Sawa nimekubali hiyo.

#31 KaptenJahazi
Mwafikiria unyuzi tu hamfikirii msokoto. Kamba mbili za plastiki moja, moja imesokotwa ikakaza moja imelegea, ile iliyolegea ncha yake inafumka kama ufagio wa chelewa. Zulia la nyuzi zilizokatwa kila kishungi ni ncha ya kamba. Ncha ikifumka inashikana na jirani yake, hapo ndipo unaona pamelala. Mama mkwe wangu ana zulia la hivyo, ukitazama karibu hakuna tena vinywele kimoja kimoja, ni bonge kama nywele za mtoto hajachanwa.

#32 mwl_kemia
Kapteni 100%. Na msokoto wenyewe lazima upashwe mvuke au moto kiwandani ili ushike, kama mtu anavyoseti nywele. Usiposetiwa vizuri, kila ukilifua unasaidia kuufungua. Yale ya Uturuki mengi (Gaziantep ndiko kwenye viwanda vya mazulia ya mashine) hutumia polipropilini iliyosetiwa kwa moto, ndio maana la msikiti linaweza kusimama. Tena kaka mhudumu pindua pembe yake utazame mgongoni, hesabu mistari ya nyuzi kwenye sentimita kumi. Dada Ummu fanya hivyo kwa lako pia.

#33 mhudumu_msikitini
Nimehesabu baada ya Alasiri watu wakanitazama kama nimepotewa na pete. Mistari 46.

#34 UmmuSalma_Mkomani
Langu 27. La mama sikuweza kuhesabu, mgongo wake umepakwa mpira na kitambaa juu yake.

#35 fundi_mazulia
27 ni chandarua hicho dada. Nyuzi zikiwa na nafasi kila moja yaangukia ubavuni, hakuna wa kumshika. Zikibanana zinaegemeana kama watu kwenye safu.

#36 DukaLaPazia
Lakini la 46 na bei yake mwaijua? Mteja akisikia anauliza "kwani hilo linaruka?"

#37 mwl_kemia
Dada kabla ya yote hebu tujue ni plastiki gani, hii kubishana bila kupima ni kupiga ramli. Usichome moto, matone ya plastiki yakikushika kidoleni hayatoki. Tumia maji. Ng'oa vinyuzi viwili vitatu pembeni palipofichika kwa kila zulia, vioshe kwa sabuni vitoke mapovu ya hewa, halafu vizamishe kwenye gilasi kwa kijiti. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, itaelea. Inayozama chukua gilasi ya pili, koroga chumvi mpaka isiyeyuke tena. Maji hayo yana uzito wa karibu 1.2 ukilinganisha na maji matupu. Nailoni ni 1.14 itaelea mle, polyesta ni 1.38 itazama.

#38 ShellaYaMalindi
Chumvi Lamu haikosi, choteni kisimani tu.

#39 UmmuSalma_Mkomani
Shella mwana wewe, maji ya kisima chetu yana chumvi kweli na ndiyo niliyolifulia zulia. Kuna ubaya?

#40 fundi_mazulia
Ubaya upo!! Chumvi ya bahari inabaki kwenye nyuzi na inavuta unyevu hewani, zulia halikauki sawasawa, lakaa kama lina jasho, na vumbi la miguu lashikana na jasho hilo. Na ulitumia sabuni ya unga nyingi?

#41 UmmuSalma_Mkomani
Pakiti nzima. Lilinukia wiki.

#42 fundi_mazulia
Basi kijia chako ni sabuni dada. Sabuni isiyotoka yanata, kila mguu unapakwa gundi kidogo halafu unaacha vumbi. Nimebadilisha mawazo, si pipi, ni sabuni.

#43 mtoto_wa_gede
Fundi umebadilisha dini mara tatu kwenye uzi mmoja.

#44 JuaKali_Barani
Mimi naona wote mmekosea. Kijia si uchafu na si kulala, ni mikwaruzo. Mchanga wa Shela (ya Lamu, Shella tulia) ni mawe madogo makali, magumu kuliko plastiki yoyote. Unakuja na nyayo hata bila viatu. Ukikanyaga mchanga unasaga nyuzi, mng'ao unaondoka kama taa ya mbele ya gari la zamani ilivyofifia. Ndio maana umefua mara mbili hakikutoka, huwezi kufua mkwaruzo.

#45 dada_wa_Maweni
Hii imeniingia kuliko zote.

#46 mwl_kemia
Inawezekana kabisa. Lakini dada hebu simama mlangoni utazame kijia, halafu nenda dirishani utazame kijia hicho hicho. Utwambie.

#47 UmmuSalma_Mkomani
SubhanAllah. Mlangoni nikisimama ni cheusi. Dirishani nikisimama ni cheupe kuliko zulia lenyewe! Nimemwita mume wangu akatoka kwenye mpira kuja kutazama, tumekuwa twatembea huku na kule kama wazimu. Hata alama ya mkono wangu nikipapasa yabadilika.

#48 mwl_kemia
Hapo basi kuna jengine. Nyuzi zimelala upande mmoja. Ukiziona ncha zake mwanga unazama ndani unaona giza, ukiziona ubavu wake mwanga unarudi unaona weupe. Kama kitambaa cha mahameli. Mkwaruzo na uchafu havibadiliki ukihama. Kwa hivyo sehemu ya kijia si uchafu wala mchanga, ni macho yako na dirisha.

#49 JuaKali_Barani
"Sehemu". Mwalimu ameacha mlango wazi hahaha.

#50 UmmuSalma_Mkomani
Majibu ya gilasi haya. Nimefanya meza ya jikoni, mwanangu ndiye mkorogaji. Vinyuzi vya zulia langu: nilivizamisha kwa kijiti, nikatoa kijiti, vikapanda juu vimesimama kama vibua waliokufa. Mara tatu. Ni polipropilini, muuzaji aliniapia bure. Vya mama: maji matupu vilizama mpaka chini. Gilasi ya chumvi vikapanda pole pole vikakaa juu. Mwanangu akapiga makofi. Kwa hivyo la mama ni nailoni. Fundi umeshinda, yale ya mwanzo.

#51 fundi_mazulia
Nilisema #3!! Nimerudi dini yangu ya kwanza.

#52 KaptenJahazi
Subirini. Akriliki je? Ile inayofanana na sufu, mazulia ya Ghuba ya zamani mengi ni akriliki. Uzito wake mwalimu?

#53 mwl_kemia
1.17 hivi. Duh. Kapteni una akili. Nayo ingeelea kwenye hiyo chumvi. Kwa hivyo la mama ni nailoni au akriliki, polyesta na polipropilini tumezitoa. Sufu nayo ni 1.3 ingezama.

#54 mtoto_wa_gede
Si achome basi tujue kwa harufu.

#55 mwl_kemia
Kama lazima, kinyuzi kimoja, kwa koleo, juu ya sahani ya udongo, nje. Nailoni inajikunja ikiukimbia moto na mara nyingi inajizima. Akriliki inawaka kwa pupa na moshi mweusi na kubaki kidonge cheusi kigumu kisicho na umbo.

#56 UmmuSalma_Mkomani
Mama amenikuta na mkasi mara ya pili. Maneno niliyoyapata siyaandiki hapa. Utafiti wa zulia la Maskati umefungwa rasmi.

#57 BabuMkeka
Mama ana haki. Mkeka hauhitaji koleo.

#58 mhudumu_msikitini
Mimi bado sijajibiwa. La msikiti ni pipi kama la dada, kusafishwa ni kwa ile ile maji ya kisima, mchanga upo. Mistari tu ndiyo tofauti?

#59 fundi_mazulia
Mistari, msokoto, na urefu. La msikiti fupi, sivyo? Unyuzi mfupi haupindiki kwa urahisi.

#60 mhudumu_msikitini
Fupi ndio. Lakini safu ya kwanza pale imamu anaposimama pamelala kidogo, na pale panakanyagwa na mtu mmoja tu. Safu ya tatu inayokanyagwa na wengi iko sawa. Tatizo langu liko hapo.

#61 ShellaYaMalindi
Imamu ni mzito, jambo dogo hilo.

#62 JuaKali_Barani
Au anasimama pale pale sentimita kwa sentimita, wengine wanahama. Kochi pia linaua hivyo, si uzito, ni kutohama.

#63 DukaLaPazia
Mimi nitetee polyesta kidogo maana imepita bila wakili. Siku hizi nyingi zinatoka kwenye chupa za maji zilizoyeyushwa, rangi yake inang'aa vizuri, juisi ikimwagika haiingii. Chumbani kwa kulala ni zulia zuri sana.

#64 fundi_mazulia
Na mafuta ya biriani je? Polyesta na polipropilini zapenda mafuta kama paka. Nailoni inakunywa maji kidogo, asilimia 4 hivi ya uzito wake, ndio maana rangi zinaingia, na juisi nyekundu pia inaingia. Kila moja na doa lake. Bizari ya manjano tu ndiyo isikutishe, jua linaifuta yenyewe.

#65 dada_wa_Maweni
Na bliichi? Nimesikia polipropilini haiondoki rangi.

#66 fundi_mazulia
Kwa sababu rangi yake inatiwa plastiki ikiwa bado uji, iko mpaka kiini kama rangi ya karoti. Nailoni nyingi zimepakwa baadaye kama figili, nje nyekundu ndani nyeupe. Nailoni ya namna hiyo ukiitia bliichi umeiaga. Lakini hata hiyo ya karoti jaribu pembeni kwanza.

#67 UmmuSalma_Mkomani
Jamani ahsanteni. Nimeamua kusogeza kochi lifunike kijia, mpaka nipate pesa za la mistari 46. Tatizo jipya, pale kochi lilipokuwa miguu yake minne imeacha mashimo kama nyayo za tembo. Yatainukaje?

#68 dada_wa_Maweni
Rahisi. Taulo iliyolowa, pasi juu yake, mvuke unayainua. Nilifanya kwa zulia la sufu la shangazi yangu likawa jipya.

#69 KaptenJahazi
Au barafu, iache iyeyuke pole pole halafu uchane kwa uma.

#70 fundi_mazulia
PASI HAPANA. Dada usiguse pasi. La shangazi lilikuwa sufu, lako ni polipropilini, inayeyuka kwenye nyuzijoto 160 na kitu, pasi ikiwekwa moto wa nguo za pamba inafika 200. Hata kochi ukiliburuta kwa nguvu msuguano unaacha mstari wa kuungua. Chana kwa uma na maji ya uvuguvugu tu.

#71 mwl_kemia
Taulo ikiwa imelowa joto halipiti 100, kwa hivyo kinadharia ni salama. Ila sekunde taulo inapokauka...

#72 UmmuSalma_Mkomani
Fundi nimekuona nimechelewa. Shimo la kwanza liliinuka vizuri nikafurahi. La pili niliweka pasi nikashika simu kusoma huu uzi, nilikuwa hapo kwenye biriani, taulo ikakauka. Nimeinua pasi pamebaki umbo lake kamili, ncha na kila kitu, nyuzi zimekuwa kioo, ukipitisha kucha zalia kr-kr-kr. Kutoka mlangoni ling'aalo ndilo hilo tu.

#73 ShellaYaMalindi
Na kutoka dirishani?

#74 UmmuSalma_Mkomani
Na kutoka dirishani.